Viungo vya menyu kwenye intraneti: anayekiona si lazima afunguliwe

Swali: Nimekabidhiwa tovuti ya intraneti (mtandao wa ndani) ya kampuni yetu, iliyojengwa katika SharePoint, programu ya Microsoft ya kujengea tovuti za namna hiyo, bila maelekezo yoyote. Nimeongeza viungo sita kwenye menyu. Mwenzangu mmoja anasema kimojawapo hakioni kabisa. Wa pili anakiona, ila akikibofya anaambiwa hana ruhusa. Wa tatu anapelekwa kwenye ukurasa usiokuwepo. Kwangu vyote vinafunguka bila shida. Nimekosea wapi, na viungo vya namna hii huwekwaje vizuri?

Jibu: Sentensi yenye uzito kuliko zote katika swali lako ni ile uliyoitaja kwa kupita, kwamba kwako vyote vinafunguka bila shida. Umekabidhiwa tovuti, maana yake wewe ni mmiliki wake, na mmiliki hufunguliwa karibu kila mlango: rasimu ambazo hazijachapishwa, maktaba za nyaraka ambazo wengine wamefungiwa, hata kurasa zilizosahaulika tangu enzi za mtangulizi wako. Kujaribu viungo kwa akaunti ya namna hiyo ni kama kujaribu kufuli huku umeshika ufunguo wake.

Kiungo cha menyu, ukikivua mapambo yote, ni vitu viwili tu: maneno yanayosomwa na anwani inayofuatwa. Kukiweka hakumpi mtu ruhusa ya kuingia kule kinakoelekea, na kukiondoa hakumnyang'anyi mtu ruhusa aliyokuwa nayo. Kwa hiyo kwa kila kiungo yapo maswali manne yanayojitegemea, nayo ni kiungo kimewekwa kwenye menyu ipi, nani anaonyeshwa, anwani yake inaelekea wapi hasa, na nani anafunguliwa akifika huko. Wenzako watatu wamekwama kila mmoja kwenye swali lake, na ndiyo sababu hakuna marekebisho moja yatakayowatosha wote.

Nianze na menyu, kwa kuwa SharePoint ina zaidi ya moja na watu huzichanganya. Tovuti ya timu, yaani ile ambamo kundi la watu hufanya kazi pamoja, kwa kawaida huwa na menyu ya wima upande wa kushoto. Tovuti ya mawasiliano, yaani ile ambayo wachache huandika na wengi husoma, huwa na menyu ya mlalo juu, karibu na jina la tovuti. Ikiwa tovuti yako imeunganishwa na tovuti kitovu, yaani ile inayokusanya tovuti kadhaa chini yake, basi juu kabisa ya ukurasa huonekana menyu nyingine, ambayo ni ya kitovu. Hiyo hujirudia katika tovuti zote zilizounganishwa nacho, na wanaoweza kuihariri ni wamiliki wa kitovu, si wamiliki wa tovuti mojamoja. Mbali na hizo kuna viungo vinavyopangwa ndani ya ukurasa wenyewe kama vigae au vitufe. Vile si menyu, hata vikipendeza namna gani, na mtu akihamia ukurasa mwingine haviendi naye.

Mwenzako asiyeona kiungo mwulize kwanza yuko kwenye tovuti ipi anapokitafuta. Mara nyingi utakuta anatazama ukurasa wa idara nyingine iliyo chini ya kitovu hichohicho, anaona sura ileile na rangi zilezile, naye anaamini yuko mahali palepale. Kiungo ulichokiweka kwenye menyu ya tovuti yako hakiwezi kuonekana huko. Kama ni kitu ambacho kila mfanyakazi anakihitaji popote alipo, mathalani fomu ya likizo au namna ya kuripoti tatizo la kompyuta, mahali pake ni kwenye menyu ya kitovu, na itakubidi umwombe mmiliki wake akiweke. Kitu cha idara moja kibaki kwenye menyu ya idara. Kitu cha msimu, kama fomu ya tathmini inayofungwa mwisho wa mwezi, mimi huweka ndani ya ukurasa na wala sikigusishi na menyu, kwa sababu watu huizoea menyu kwa mkono kabla ya kuisoma kwa macho, na kila kiungo cha muda kinapoingia na kutoka hukisukuma kile ambacho mkono ulishakizoea.

Kuongeza kiungo chenyewe ni kazi ya dakika moja. Menyu ya kushoto ina kitufe cha kuhariri mwishoni mwake, chini. Menyu ya juu inacho mwishoni upande wa kulia. Ukishakibofya, sogeza kiashiria cha kipanya katikati ya viungo viwili mpaka alama ya kujumlisha itokee, kisha chagua kama unaongeza kiungo chenye anwani au kichwa tupu cha kukusanyia viungo vingine chini yake. Nukta tatu zilizo pembeni ya kila kiungo ndizo zenye amri za kukihariri, kukipandisha au kukishusha, kukifanya kiwe chini ya kingine, na kukiondoa. Menyu ya juu hukubali ngazi tatu. Ukimaliza, bofya kitufe cha kuhifadhi. Wapo wanaofunga dirisha bila kukibofya, kisha wakalaumu mtandao.

Jambo moja la kujihadhari nalo hapo ni kwamba menyu haina rasimu wala historia ya matoleo kama ilivyo kwa kurasa. Ukihifadhi, kila mtu anaona papo hapo ulichokifanya, na ukifuta kundi zima la viungo kwa bahati mbaya hakuna toleo la jana la kurudishia. Niliwahi kuondoa kichwa kimoja katika menyu ya ofisi niliyokuwa nikiihudumia, nikidhani naondoa neno tu, kumbe kilikuwa na viungo kumi na kitu chini yake. Nilishinda alasiri nzima nikiviunda upya kwa kuwauliza watu wanakumbuka nini kilikuwa wapi. Tangu siku hiyo siigusi menyu kabla ya kunakili majina na anwani zake zote kwenye jedwali, na picha ya skrini juu yake.

Sasa anwani, ambayo ndiyo chimbuko la matatizo mengi. Mtu hufungua ukurasa, hunakili kilicho kwenye upau wa anwani wa kivinjari na kukibandika kwenye kiungo bila kukisoma. Kisome. Ukinakili anwani wakati ukurasa uko kwenye hali ya kuhaririwa, utakuta inaishia hivi: /SitePages/Fomu-ya-Likizo.aspx?Mode=Edit. Kipande kinachoanzia alama ya kuuliza ndicho kinachoufungua ukurasa kwa ajili ya kuuhariri, jambo ambalo msomaji wa kawaida hana ruhusa nalo na mhariri mwenzako hakulikusudia. Kifute, ubakie na anwani inayoishia kwenye .aspx.

Kosa la pili ni kubandika kiungo cha kushiriki badala ya anwani ya faili. Ukibofya amri ya kushiriki kwenye hati, SharePoint hukutengenezea kiungo maalumu ambacho ndani yake utaona alama kama /:w:/s/ kwa hati ya Word au /:x:/s/ kwa jedwali la Excel, na mwishoni msururu wa herufi zisizosomeka. Kiungo cha aina hiyo kina masharti yake: huenda kimetengenezwa kwa ajili ya watu fulani tu, huenda kimewekewa tarehe ya kuisha, na mwenye hati anaweza kukifuta wakati wowote bila wewe kujua. Kikifa, menyu yako hubaki na jina zuri lisilo na kitu nyuma yake. Kwa hati ambayo itadumu kwenye menyu, fungua maelezo yake katika maktaba na utumie njia ya moja kwa moja inayoonyeshwa hapo. Au, jambo ambalo mimi hulipendelea, usiunganishe menyu na faili kabisa. Unganisha na ukurasa unaoieleza faili hiyo. Sera ya likizo itakapotolewa upya na faili kubadilishwa jina, utarekebisha ukurasa mmoja, na menyu haitaguswa. Isitoshe, mtu aliyebofya menyu akitarajia ukurasa hushtuka anapoona hati ya kurasa 40 ikijifungua kwenye simu yake.

Hapo hapo kuna suala la majina. Ukibadilisha kichwa cha ukurasa ambao umekwisha kuhifadhiwa, anwani yake haibadiliki, kwa hiyo kiungo kinaendelea kufanya kazi. Ukibadilisha jina la faili la ukurasa katika maktaba ya kurasa, au ukiuhamishia tovuti nyingine, anwani inabadilika, na usitarajie kiungo ulichokiandika kwa mkono kijue habari hiyo. Vilevile, kuondoa kiungo kwenye menyu hakufuti ukurasa. Ukurasa unabaki, utafutaji unaendelea kuuleta, na aliyehifadhi anwani yake ataendelea kuusoma, hata kama maelezo yake yamepitwa na wakati.

Mwenzako wa tatu, aliyefika kwenye ukurasa usiokuwepo, inawezekana kabisa hana anwani mbovu. Angalia kama ukurasa umechapishwa. SharePoint huhesabu matoleo ya kurasa kwa namba, na ukurasa uliohifadhiwa bila kuchapishwa huwa na toleo kama 0.1 au 0.4. Hadi ufikie 1.0 kwa kuchapishwa, wenye ruhusa ya kusoma tu hawauoni, ilhali wewe mwenye ruhusa ya kuhariri unauona kama kawaida. Hili ndilo ninalolishuku kwanza kila ninaposikia maneno "kwangu unafunguka". Fungua maktaba ya kurasa za tovuti, ongeza safu ya namba ya toleo kwenye mwonekano wake, na utajua ndani ya sekunde chache ni ukurasa upi bado ni rasimu. Ukikuta 1.2 badala ya namba kamili, ujue ukurasa ulishachapishwa lakini kuna mabadiliko yaliyofuata ambayo wasomaji bado hawajayaona.

Kuhusu yule anayeambiwa hana ruhusa, kazi haiko kwenye menyu kabisa. Iko kule kiungo kinakoelekea. Maktaba, folda na hata faili moja vinaweza kukatiwa ruhusa zake zisirithi tena za tovuti, na mara nyingi anayefanya hivyo hufanya kwa nia njema, akizuia watu wasifute kitu, kisha akasahau. Fungua mipangilio ya ruhusa ya maktaba husika uone kama inarithi au imejitenga. Kabla ya kumfungulia mwenzako, hata hivyo, mwulize mwenye nyaraka hizo kama kweli alikusudia watu wote wasome. Nimeona wasimamizi wa intraneti wakigawa ruhusa kwa sababu tu kiungo kilikuwa kikilalamikiwa. Malalamiko yakaisha, na majedwali ya mishahara yakawa wazi kwa watu wasiohusika. Jibu sahihi linaweza kuwa kwamba ruhusa iko sawa na kiungo ndicho hakikustahili kuonyeshwa kwa huyo mtu.

Hapo ndipo unapoingia mpangilio wa hadhira lengwa. Katika mipangilio ya menyu ya tovuti unaweza kuuwasha, kisha kwa kila kiungo ukataja makundi ambayo yataonyeshwa, hadi makundi 10 kwa kiungo kimoja. Kiungo kisichotajiwa kundi lolote huonekana na wote. Makundi yanayokubalika ni ya Microsoft 365 na yale ya usalama yanayosimamiwa na idara ya TEHAMA katika Entra, huduma ya Microsoft ya kusimamia akaunti za watumiaji. Makundi ya ndani ya SharePoint, kama lile la wageni wa tovuti, hayatumiki hapa, na wengi hupoteza muda wakiyatafuta. Ikiwa mtangulizi wako aliuwasha mpangilio huu, inawezekana mwenzako wa kwanza hayumo katika kundi lililotajwa, au aliongezwa juzi na mfumo bado haujaisoma orodha mpya. Kundi lililobadilishwa karibuni huchukua muda kabla ya athari yake kuonekana, kwa hiyo usianze kubomoa kabla ya kusubiri.

Nasisitiza jambo moja kuhusu hadhira lengwa, nalo ni kwamba huficha kiungo tu. Haifungi ukurasa. Aliyefichwa kiungo cha taarifa za mapato anaweza kutumiwa anwani na mwenzake na kuingia moja kwa moja, kama ruhusa za ukurasa zinamkubali, na injini ya utafutaji ya ndani nayo itamletea. Utafutaji husikiliza ruhusa, hausikilizi menyu. Basi funga kwanza kwa ruhusa, kisha ficha kwa hadhira ili watu wasikutane na mlango uliofungwa. Na usiitumie kwa wingi. Tovuti ambayo kila mtu anaona menyu yake peke yake ni taabu kuisimamia, kwa sababu mtu akikupigia simu na kusema "bofya cha tatu kutoka juu," cha tatu chake si cha tatu chako.

Majina ya viungo huandikwa kwa haraka kuliko anwani zake, ilhali ndiyo yanayosomwa na kila mtu. Kiungo kinachoitwa "Rasilimali" hakimwambii mtu chochote; kinachoitwa "Nyaraka muhimu" ni kibaya zaidi, kwa kuwa kila idara huona za kwake ni muhimu. Andika kwa maneno ambayo mtafutaji anayo kichwani anapokuja: "Omba likizo", "Hati ya mshahara", "Ripoti tatizo la kompyuta". Acha jina la mfumo. Mfanyakazi mpya hajui kwamba maombi ya likizo yanapita kwenye programu yenye jina fulani la kupendeza, na hana sababu ya kulijua. Wapo wenzangu wanaosema majina ya mifumo yabaki kwa sababu waliozoea wanayatafuta. Kwangu mimi waliozoea hawahitaji menyu, walishahifadhi anwani kwenye kivinjari.

Mwongozo wa WCAG, unaohusu kufanya tovuti zitumike pia na watu wenye ulemavu, hutolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti. Mwongozo huo, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023, unataka lengo la kiungo lieleweke kutokana na maneno yake au muktadha wake, na menyu inayojirudia katika kurasa nyingi iwe na mpangilio uleule kila mahali. Mtu anayetumia kisoma-skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti kilicho kwenye skrini, anaweza kuamuru asomewe orodha ya viungo peke yake, bila maandishi yanayovizunguka. Akisikia "bofya hapa, bofya hapa, zaidi, zaidi", amepoteza muda wake. Kwa sababu hiyohiyo, kuwa mwangalifu na kisanduku kinachofanya kiungo kifunguke kwenye kichupo kipya. Kiwekee tiki pale tu mtu anapotoka nje ya intraneti kwenda kwenye mfumo mwingine, na huenda akataka kuurudia ukurasa wako akiwa katikati ya kazi. Kurasa za ndani zifunguke palepale, ili kitufe cha kurudi nyuma kiendelee kumrudisha mtu alikotoka.

Huenda utashauriwa kwamba menyu isizidi viungo saba. Ushauri huo hutokana na makala ya mwanasaikolojia George Miller ya mwaka 1956, iliyozungumzia vitu saba, kuongeza au kupunguza viwili, katika kumbukumbu ya muda mfupi. Menyu haikaririwi; iko mbele ya macho. Kinachochosha si idadi, ni viungo viwili vinavyoweza kudhaniwa kuwa kimoja, kama "Taarifa" na "Habari" vilivyopangwa bega kwa bega. Menyu yenye viungo kumi na viwili vilivyotofautiana husomeka kuliko yenye vitano vinavyogongana. Ukitaka kujua kama vyako vinagongana, andika kazi tano kwenye karatasi, mathalani "umepoteza kitambulisho cha kazi, unataka kipya", umpe mwenzako ambaye hakushiriki kuipanga menyu, na umwombe aguse kiungo atakachoanzia. Usimsaidie. Watu watano wakianzia mahali pasipo sahihi kwa kazi ileile, jina ndilo lenye makosa, si watu.

Kwa viungo vyako sita, basi, ningefuata utaratibu huu. Nakili menyu yote kwenye jedwali kabla ya kugusa chochote, kisha pitia anwani moja moja ukifuta mikia ya kuhariri na kubadilisha viungo vya kushiriki kuwa njia za moja kwa moja. Tazama namba za matoleo ya kurasa zote sita. Kagua kama maktaba zinazoguswa zimejitenga na ruhusa za tovuti, na ufungue mipangilio ya menyu uone kama hadhira lengwa imewashwa na kwa makundi gani. Mwishowe iombe idara ya TEHAMA akaunti ya majaribio yenye ruhusa za msomaji wa kawaida tu, uifungue katika dirisha la faragha la kivinjari ili isichanganyike na akaunti yako, na ubofye vyote sita, kwanza kwenye kompyuta, halafu kwenye simu, ambako menyu hujikunja ndani ya alama ya mistari mitatu. Kama akaunti hiyo haipatikani, kaa karibu na yule mwenzako wa kwanza kwa dakika kumi, umwachie kipanya yeye, na umwombe akuonyeshe anapokitafuta.